Taa za Njano na Yule Mrefu

Mdogo wangu Asimwe alinitumia picha sita za taa za gari kwenye simu, akataka nichague. Anaifufua Landrova ya marehemu baba yetu, ile iliyokaa miaka chini ya banda la kahawa, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Rangi ameshapaka, matairi ameshapata, amebakiza taa za ziada za mbele. Anazipenda hizi za kisasa, ule mstari mrefu wa vitaa vidogo vidogo, eti zinamulika mpaka ng'ombe wa ng'ambo ya bonde wanafumba macho. Nilizitazama zote sita nikiwa jikoni kwangu Bukoba na sikumjibu. Wiki iliyofuata nilipanda basi nikaenda nyumbani Igurwa mwenyewe.

Nilitaka kunusa. Taa ya zamani ikikaa bila kuwashwa hujaa vumbi, na siku kioo chake kikipata moto lile vumbi huungua polepole, likatoa harufu kama ya pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Asimwe aliziunganisha zile taa mbili za njano za Baba kwenye betri. Zikawaka. Haikupita dakika mbili harufu ikanifikia pale mlangoni niliposimama, na mimi nikarudi nyuma hatua moja. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa fizikia, niliogopa taa mbili ndogo za gari mchana kweupe. Mdogo wangu alicheka sana. Yeye hana kosa, alikuwa hajazaliwa.

Wenzangu mliokulia vilima hivi mnaukumbuka ukungu wa miezi ya mvua. Hauji kama wingu linalopita. Unashuka bondeni usiku, unakaa, na alfajiri unaukuta pale pale umetulia kama maziwa kwenye bakuli, migomba imezama mpaka shingoni. Barabara yetu ya kwenda gulioni Nyaishozi ilikuwa lazima ishuke bonde moja kabla ya kupanda upande wa pili, na Baba alipenda kutoka saa kumi na moja alfajiri ili ndizi na maharage yafike kabla wanunuzi hawajatawanyika. Tukiwa juu, mambo sawa. Tukianza kushuka, mwanga wa zile taa kubwa mbili, zilizokaa karibu karibu kwenye pua ya Landrova, uligonga ukungu na kuturudia machoni. Baba alikuwa haoni hata boneti lake.

Hapo ndipo Mama alipokuwa akishuka. Alijitanda shuka jeupe mabegani, akatembea mbele ya gari katikati ya mwanga, miguu ikipapasa ukingo wa barabara, na Baba akalifuata lile shuka kwa gia ya kwanza. Majirani walimtania Mama kwamba yeye ndiye mfugaji pekee Karagwe nzima ambaye ng'ombe wake anafuata badala ya kuswagwa. Hakujali. Wenye magari ya zamani upande wetu walifanya hivyo hivyo, na mke ndiye aliyetembea, kwa sababu mume ndiye aliyejua gia.

Nilikuwa na kaka, Kamugisha, aliyenizidi miaka miwili. Msimu mmoja wa mvua homa ilimshika usiku, na kulipokaribia kupambazuka Baba akawasha gari tumpeleke hospitali. Bondeni tukaukuta ukungu. Mama akashuka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kushuka. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amempakata Kamugisha, na mimi nilibanwa katikati nimeshika mkono wake. Ulikuwa wa moto, unanibana vidole. Mahali fulani kule chini uliacha kunibana. Nilimtazama Bibi, Bibi akaweka kidole mdomoni. Mama aliendelea kutembea mbele yetu na shuka lake, anapapasa njia, anaharakisha, hajui. Alitembea vile mpaka bonde likaisha.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, pale wanapolala wazee wetu wote. Kofia yake ya sufu, nyekundu, yenye kishungi juu, haikuzikwa. Mama aliiweka chini ya mto wake. Na tuliporudia safari za gulioni, alfajiri ya kwanza kabisa ya ukungu, aliivaa kichwani kabla ya kushuka garini.

Nilimwona alfajiri hiyo. Mama alikuwa hatua chache mbele ya bampa, mdogo, mweupe. Mbele yake, ndani ya ukungu, alitembea mtu mwingine. Mweusi, mrefu kuliko mgomba, mrefu kuliko nyumba. Miguu yake ilianzia karibu na ya Mama na kichwa chake kilipotelea juu ambako mwanga ulikuwa unaisha. Alikwenda mwendo ule ule wa Mama, wala hakugeuka. Na kichwani, nilikiona vizuri, alikuwa na kishungi.

Sikupiga kelele. Nilikuwa mtoto wa kushika jambo na kukaa nalo, tabia ambayo mume wangu anaijua. Nilijiambia kwamba huyo ni Kamugisha, na kwamba huko aliko amerefuka, basi. Mtoto anayekufa hana shule wala kuchota maji, kazi yake ni kukua tu. Na alikuwa anakaa bondeni kwa sababu pale ndipo tulipomwacha. Kaburini tuliweka kitu kingine. Niliogopa, na bado kila jioni ya kuamkia gulio niliomba Mungu alete ukungu.

Kisha Mama akapata mimba. Bibi ndiye aliyeanza. Siku moja wakimenya ndizi alimwambia Baba, bila kuinua macho, "Huyu hashuki tena kwenye lile bonde. Mwenye gari na atafute macho ya gari."

Ndivyo Baba alivyokwenda kwa Fundi Rwiza, fundi umeme wa magari pale Nyaishozi, mzee mfupi aliyekuwa akigusisha waya kwenye ulimi kujua kama una moto. Fundi akamtolea jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa taa kubwa nyeupe, upana wa sahani ya kulia. Ya pili ilikuwa ndogo, za njano, vioo vyake rangi ya mafuta ya kula.

"Kwa ukungu chukua hizi za njano, Baba Kamugisha," fundi akasema. Wote walikuwa bado wanamwita hivyo. "Na hata hivyo dainamo yako ni ya zamani. Zile kubwa zitakunywea betri."

Baba hakuridhika. Akaomba jozi zote mbili aende nazo akazijaribu nyumbani, na hapo akafanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtu wa Kagera peke yake. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala, wanaofuata mwanga usiku. Jioni giza lilipoingia alitoa betri uani, akasimamisha mabati kuukuu, akawasha zile nyeupe. Senene wakaja. Walishuka kama mvua ya mawe, wakagonga mabati, wakajaa kwenye nywele zetu, na majirani wakaja na ndoo na vyandarua, kina mama wakicheka na kusukumana. Kisha akazima, akawasha zile za njano. Tukasubiri. Hakuja hata mmoja, isipokuwa nondo mmoja aliyezunguka akaondoka. Kwetu, tangu umeme ulipoanza kuonekana, taa hupimwa kwa senene. Taa kali ni ile inayowaangusha wengi. Hapakuwa na mtu pale uani aliyeona haja ya kujadili.

Aliporudi gereji fundi akamuuliza amechagua zipi, naye akajibu, "Taa ambayo hata senene haiendei, mimi nitaona nini?"

Fundi akamfungia zile nyeupe juu ya bampa. Alfajiri ya gulio lililofuata tulishuka bondeni Mama akiwa amekaa ndani, mikono juu ya tumbo. Baba akabonyeza swichi. Dunia ikatoweka. Hatukuwa na mbele wala pembeni, kulikuwa na weupe tu, umetubana kwenye vioo vyote, na gari likainama upande mmoja likielekea mtaroni kabla Baba hajakanyaga breki. Kisha Mama akafungua mlango. Akavaa kofia, akajitanda shuka, akashuka na tumbo lake, na mbele yake yule mrefu naye akaanza kutembea. Safari hii alikuwa mnene. Nilifurahi kumwona, na furaha hiyo naikumbuka kwa aibu, maana Mama alijikwaa mara mbili.

Fundi Rwiza alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa wewe ulikuwa unatafuta senene au barabara?"

Baba aliinywa ile dhihaka yote. Fundi aliingia mwenyewe kwenye gari akaja nasi mpaka nyumbani, kwa sababu alisema taa za ukungu hazifungwi gereji, zinafungwa mbele ya ukuta. Nilikaa karibu naye siku nzima. Alizitoa zile kubwa. Alikunja vyuma viwili akavifunga chini ya bampa, chini kabisa, na za njano akazining'iniza hapo mpaka zikakaribia kugusa majani. "Ukungu haulali chini kabisa," alinieleza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza. "Kuna nafasi kama ya mlango uliopandishwa kidogo. Taa ya ukungu inapita hapo chini."

Alipitisha waya ndani ya boneti mpaka kwenye swichi kushoto kwa usukani. Katikati ya waya akaweka kikopo kidogo cha plastiki, akakifungua kunionyesha. Ndani mlikuwa na kijiti cha kioo, hakizidi urefu wa ukucha wa dole gumba, na ndani ya kioo uzi mmoja wa chuma. "Hii fyuzi. Huu uzi ukiondoka, taa zote mbili zinalala."

Jioni alilielekeza gari kwenye ukuta wa nyumba, hatua ishirini, akamwomba Mama asimame ukutani. Akachukua mkaa akachora mstari kwenye usawa wa magoti yake. "Mwanga usipite goti la Mama Kamugisha," akasema, akaenda kulegeza nati na kukaza, kulegeza na kukaza, mpaka ule unjano ukakaa sawasawa chini ya mstari. Miguu ya Mama ilikuwa ya dhahabu. Kuanzia goti kwenda juu hakuwepo. Nilimtazama, nikaona wazi kwamba kwenye mwanga wa namna ile yule mrefu asingekuwa na mahali pa kusimama.

Na hakusimama. Alfajiri ya kwanza ya zile za njano Baba alizima taa kubwa, akawasha ndogo, na barabara ikajitandaza mbele yetu, chini kwa chini, mawe yake, madimbwi yake, ukingo wa majani kulia na kushoto. Baba alipiga mluzi. Mama alilia kidogo, nadhani kwa raha. Gari lilikwenda gia ya pili, halafu ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshika dashibodi nikitazama juu ya mwanga, kule kweusi. Hapakuwa na mtu. Tulipita pale pale aliponiachia mkono, tukapita kasi, na nikajua tumemkanyaga au tumemwacha nyuma anatukimbilia na miguu yake mirefu na hatatufikia.

Siku ya tatu nilifungua boneti. Nilikuwa na miaka minane na lile boneti lilikuwa zito, nilitumia gongo la kuegemezea mgomba. Nikakifungua kikopo, nikatoa fyuzi, nikakifunga tena vizuri kama kilivyokuwa. Nikaipeleka kibanjani, nikafukua kidogo kwenye kaburi la Kamugisha upande wa kichwani, nikaifukia na kuweka jiwe. Nilimwambia kwamba gari sasa ni lake, aje.

Uchungu ulimshika Mama siku ambayo haikuwa ya gulio, mapema kuliko Bibi alivyokuwa amehesabu. Niliamshwa na sauti yake. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na mlangoni ukungu ulikuwa umepanda mpaka uani, jambo lililotokea mara chache sana. Bibi alikuwa anamfunga khanga kiunoni na mikono yake ilikuwa ya haraka mno. "Mtoto amekaa vibaya," alimwambia Baba. "Hili si langu. Twende."

Tulipoingia bondeni Baba akabonyeza swichi ya njano. Kimya. Akabonyeza tena. Akashuka, akazipigapiga taa kwa kiganja, akafungua boneti, akavuta waya huu na ule, kikopo akakigusa akakiona kimefungwa, akakiacha. Mama nyuma alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua tatizo liko wapi, liko chini ya jiwe gani, na kwamba tukigeuza gari tutalifikia. Mdomo wangu haukufunguka. Kama kuna jambo maishani mwangu ningepewa kulirudia, ni dakika hiyo.

Baba alirudi akashika usukani kwa mikono miwili akatazama weupe. Bibi asingeweza kumwacha Mama. Baba asingeweza kuacha gia.

"Mimi nitatembea," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba watu wazima wawili hawakubisha. Mama aliivua kofia kichwani mwake na kunivalisha, akaivuta mpaka masikioni. Bibi akanizungushia shuka. "Ukingo wa kushoto, Koku," Baba akasema. "Miguu yako isikie majani. Usikimbie."

Nikatembea. Injini ilinguruma mgongoni kwangu, joto lake likinigusa kwenye miguu. Majani yalikuwa na maji ya baridi. Kwa hatua kadhaa nilitazama chini tu. Kisha nikainua macho, na walikuwa pale, wawili. Walikuwa wamesimama bega kwa bega ndani ya ukungu, weusi, warefu, kila mmoja na kishungi chake, na nilipopiga hatua walipiga hatua. Nilisimama, wakasimama. Niliinua mkono wa kulia.

Wa kulia aliinua mkono wake mkubwa.

Mara moja nikaelewa, jinsi mtoto anavyoelewa, kwa mwili mzima. Ni mimi. Na siku zote alikuwa Mama. Mama na kofia, na mwanga wa gari mgongoni. Bondeni hapakuwa na Kamugisha. Hapakuwahi kuwa naye tangu siku ile mkono wake ulipolegea, na nilikuwa nimeiba uzi wa taa kwa ajili ya kivuli, na nyuma yangu mama yangu alikuwa anaweza kufa. Nililia kwa sauti huku natembea. Machozi hayakunizuia kutembea, najivunia hilo hata leo.

Lakini nitasema na hili, ingawa wanafunzi wangu siwaambii. Wa kushoto alichelewa. Wa kulia aliinua mkono pamoja nami, wa kushoto akakaa kidogo, kama mtu anayefikiri, ndipo akainua wake. Kila mwaka nachora ubaoni taa mbili, mtu mmoja, vivuli viwili, nawaeleza kwa nini, na kwa nini aliyekaa garini huona kimoja tu. Taa kubwa ya kulia ya Landrova ile, ambayo kivuli chake huangukia kushoto, ilikuwa na waya uliolegea, ilikuwa inapepesa, na kivuli hicho lazima kiyumbe. Maelezo hayo yanatosha. Nimeyafundisha miaka mingi.

Asimwe alizaliwa garini, tulipokuwa tunaanza kupanda upande wa pili. Bibi alimgeuza kwa mikono yake mwenyewe, akiomba kwa sauti, na alipotoka hakulia mpaka Bibi alipompiga mgongoni mara mbili. Mimi sikuona. Nilisikia breki, nikageuka, nikaona taa, na nyuma ya taa sauti ndogo ya hasira. Tulifika hospitali jua limetoka. Mama alilazwa wiki tatu, damu yake ilikuwa imekwisha karibu yote, na kila siku ya wiki hizo nilijua ni nani aliyemlaza pale.

Fundi Rwiza alipokuja kutazama taa alifungua kile kikopo, akakichungulia, akamtazama Baba. "Fyuzi huungua, Baba Kamugisha. Haiendi matembezi." Baba akasema huenda ilidondoka. Fundi akaweka nyingine. Baba hakuniuliza kitu, na kutoulizwa kulinikalia vibaya kuliko fimbo.

Zikafika siku za kusafisha makaburi kabla ya Krismasi, wakati ndugu wanaanza kurudi nyumbani na kila kibanja kinapaliwa na kutandikwa majani mapya. Nilikuwa jikoni Baba aliponiita. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kaburi la Kamugisha, jembe dogo pembeni, na kwenye kiganja chake chenye udongo kulikuwa na kile kijiti cha kioo.

"Hii ilifuata nini hapa?"

"Nilimletea Kamugisha."

"Ya nini?"

"Taa za njano zinamfukuza."

Baba alikaa chini kabisa, kwenye udongo, na suruali yake nzuri. Alikigeuza kile kioo mara nyingi. Nilisubiri kupigwa. Nilitaka kupigwa.

"Yule mrefu?" akauliza.

Sikuwa nimemwambia mtu. Si Bibi, si Mama, si mtu yeyote shuleni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilikuwa namwona," Baba akasema. "Nilijua ni kivuli cha mama yako, nilijua siku ile ile ya kwanza. Ila kuna alfajiri ukungu ulikuwa umeshapungua, barabara naiona vizuri kabisa, na sikumwambia mama yako apande. Nilimwacha atembee." Akapangusa udongo kwenye kile kioo. "Ana mimba na anatembea, mimi niko nyuma namtazama mwanangu."

Akaiweka fyuzi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akaniambia nisimweleze Mama, langu wala lake. Kisha tukatandika majani pamoja mpaka kaburi likapendeza.

Mpaka gari lilipomshinda, alfajiri za ukungu tulishuka lile bonde na zile za njano, vizuri, Asimwe akiwa amelala miguuni kwa Mama. Na kule chini kabisa, kila safari, Baba alipunguza mwendo, akanyoosha mkono kwenye swichi na kuzima. Alihesabu kimya, pengine mpaka kumi. Giza na ukungu vilitujia mpaka kwenye kioo. Halafu akawasha. Mama akiuliza, alijibiwa kwamba betri inapumzishwa. Nilikuwa namtazama Baba, naye hanitazami.

Sasa naye amelala kibanjani, karibu na Kamugisha, na Asimwe anataka jibu kuhusu taa. Nilimpa siku ile ile, harufu ya vumbi ikiwa bado hewani. "Acha hizi hizi za njano. Ila swichi ihamishe. Iweke upande wa abiria."

"Kwa nini, Dada? Dereva ndiye anayewasha."

"Niifikie."

Aliguna, akaihamisha. Kesho yake alinisindikiza Nyaishozi nikapande basi la Bukoba, na bondeni ukungu ulikuwepo, umekaa mahali pake. Alifurahi kama Baba alivyofurahi. "Unaona, Dada? Barabara yote hii hapa." Ilikuwa hapo kweli, mawe na madimbwi, na juu ya mwanga hapakuwa na mtu.

Nikanyoosha mkono nikazima. Asimwe akawasha taa kubwa kwa kuhamanika, ukungu ukatuziba, akakanyaga breki.

"Dada, sioni kitu."

"Najua," nikamwambia, nikafungua mlango. "Ziache hizo kubwa hivyo hivyo. Nashuka mara moja, nikawasalimie wale warefu."